Nimekufananisha

Mwalimu Ezati alikiandika kwa chaki ya njano,
kitenzi cha Kiingereza, herufi tano tu,
akakitamka: laiken.
Tukaitikia "laikeni",
kama amri kwa watu wengi.

"Hiki hakisimami peke yake," akasema.
"Kinataka vitu viwili, na kidaraja katikati.
Wala msikichanganye na kulinganisha.
Kulinganisha ni mizani ya bucha:
unatafuta kipi kizito, na lazima mtu apunjwe.
Hiki hakipimi. Kinasogeza viti viwili
vikae karibu, basi."

Darasa la jioni, Arua, soko limeshafungwa.
Taa ya sola inapepesa kama mtu mwenye usingizi.
Afeku, fundi wa pikipiki, alianza:
"Injini ya mzee Buatru naifananisha na mbuzi,
haiendi mpaka uitukane."
Draru wa simsim naye:
"Bei naifananisha na wifi yangu,
leo juu, kesho juu, na salamu hakuna."
Tulicheka mpaka chaki ikavunjika.

Ikafika zamu yangu. Nikakosa.

Maana Jumanne, kwenye kona ya wauza mkaa,
mama mmoja alinidaka mkono:
"Onzima! Umerudi lini?"
Uso wake ulikuwa umeshafika mbali,
umeshawasha moto, umeshaweka maji,
na mimi sikuwa na haraka ya kuuzima.
Kisha akaniangalia masikio.
Akaniachia.
"Samahani, baba. Nimekufananisha."

Unga wa muhogo ulibaki kwenye shati langu,
vidole vinne na nusu. Sikuupangusa.

Kwa hiyo nikauliza: "Mwalimu,
na kosa lile la sokoni, la kumwita mtu si yeye,
kwa Kiingereza ni kitenzi hiki hiki?"
"Hapana," akasema. "Wana kingine cha makosa.
Kwao anayefananisha anajua
kwamba viwili ni viwili."
Akanyamaza, akafuta ubao kwa kiwiko,
ubao ambao ulikuwa bado haujajaa.
"Sisi," akasema, akiupa ubao kisogo,
"tumekibebesha kimoja vyote."

Jumamosi nilirudi kwenye kona ile
kununua unga nisiouhitaji.
Alinipimia kopo moja, akalisawazisha kwa kiganja,
akaongeza konzi juu ya kile nilicholipia.
Hakuinua macho.
Nilitaka kumuuliza: ulinifananisha na nani,
yuko wapi, masikio yake yakoje?
Nikasema asante. Nikasema bei imepanda.

Daftari langu ninalo hapa, mwalimu.
Sentensi nimeianza vizuri, kwa herufi kubwa:
Mama mmoja alinifananisha na
kisha daraja, kisha nafasi nyeupe
yenye upana wa jina.
Sijui nani wa kuikanyaga.
Si mimi.