Siku ya Kuwatoa Ng'ombe

Fomu yetu huuliza: Jina. Umri. Uzito.
Oksijeni, lita ngapi kwa dakika.
Halafu, chini kabisa, mstari mtupu: Ombi.
Watu huandika bahari. Huandika harusi ya mjukuu,
uwanja wa mpira na viti vyake vya baridi.
Hiltje, miaka hamsini na minane, ini limekwisha,
aliandika: Nataka kuona ng'ombe wakitolewa.

Aukje, muuguzi mstaafu, alinisomea kwa simu.
Sikuuliza watolewe wapi.
Miaka thelathini na mmoja niliendesha lori la maziwa
katika nyanda hizi za Frisia, bapa kama sinia.
Najua: hufungiwa bandani tangu Novemba,
na siku mlango unapofunguliwa,
wale mabibi wazito, viwele kama magunia,
huruka. Huitupia hewa mateke kama ndama.

Tatizo, mlango ni wa Douwe, kaka yake.
Miaka kumi na miwili hawajasalimiana:
kisa shamba, kisa wosia, kisa neno moja
lililoponyoka siku ya mazishi, juu ya vikombe vya kahawa.
Na Douwe alishapanga. Jumamosi ya wiki ya pili,
udongo ukauke, ubebe kwato.
Daktari akasema, "Jumamosi,"
akaviangalia viatu vyake, "ni mbali."

Nikampigia mimi. Sikuwa na hotuba.
Ni yule dereva wa maziwa, nikasema.
Dada yako anataka kuona ng'ombe.
Nikasikia mashine ya kukamulia ikivuta pumzi.
"Bado ni tope. Watalivuruga shamba zima."
Nikasema ndiyo.
"Majani ya mwezi mzima."
Nikasema ndiyo.
"Alhamisi. Saa nne. Nikishakamua."

Wapo wanaotuita malaika.
Malaika hawaumwi mgongo,
wala hawasahau chupa ya mkojo hospitalini
wakarudi kilomita kumi na tano kuifuata,
mgonjwa nyuma akicheka hadi akohoe.

Karibu na mfereji akaomba dirisha.
Harufu ikaingia: samadi, majani yaliyovundikwa,
maziwa yaliyochacha sakafuni.
Akafumba macho, akanusa kama anayesoma barua.

Uani kitanda kilizama. Aukje anasukuma,
mimi navuta, gurudumu moja limegoma.
Douwe akatoka bandani na ubao kwapani.
Hakusalimu. Akautandika, akaukanyaga,
akaenda kuleta mwingine.
Mbao sita, mpaka kwenye uzio.
"Umezeeka," Hiltje akasema.
"Na wewe umekonda."

Kisha komeo.
Wa kwanza alisimama kizingitini
kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani.
Akanusa. Akatoa mguu mmoja.
Na wote, arobaini na kitu, wakamwagika nyuma yake,
mikia juu, matako hewani, wakigongana,
mmoja akapiga magoti akasugua uso kwenye nyasi.
Tope likaruka hadi kwenye blanketi.
Aukje akatoa kitambaa.
"Liache," Hiltje akasema. "Liache hapo hapo."

"Yule mwenye kidoa jichoni ni wa ukoo wa Rika."
"Kilembwe," Douwe akajibu.
Wakaongea nasaba ya ng'ombe, mama kwa binti,
nani alizaa pacha, nani alikuwa na teke,
nusu saa nzima, mkono wa Douwe
juu ya chuma cha kitanda, si juu ya mkono wake.
Ya kwao wenyewe hawakuyagusa.
Mimi nilihesabu matone ya dripu.

Njiani akaniuliza lita ya maziwa sasa bei gani.
Nikamtajia.
"Wizi," akasema, akalala.

Jumamosi ilipofika, Hiltje hakuwepo.
Blanketi nililifua mara mbili, doa halikutoka,
na kusema kweli, mara ya pili sikusugua sana.
Jumatatu Aukje akapiga: kuna mzee
anataka kunyolewa na kinyozi wake wa zamani,
ghorofa ya tatu, hakuna lifti.
Mgongo wako, akauliza, unaendeleaje?