Kosa la Chapa

Kiwandani kwetu Tororo, nyuma ya ghala la pamba,
gazeti likishatoka, herufi zilioshwa kwa mafuta ya taa
na kurudishwa visandukuni, a kwa a, m kwa m,
isipokuwa maneno manne:
wananchi wenye hasira kali.
Fundi Masaba aliyafunga pamoja kwa uzi wa katani,
akayaweka rafu ya chini, karibu na sabuni.
Ya nini kuyavunja, alisema,
na Ijumaa yatatakiwa tena.

Yalitakiwa.
Mwizi wa mbuzi, Nagongera.
Mchawi, ati, wa Molo.
Kijana na redio isiyo yake,
au ilikuwa yake, risiti ilipatikana baadaye,
nasi hatukuwa na nafasi ukurasani.

Mkuu wa wilaya hakuwa na hasira. Yeye alisikitishwa.
Waziri alighadhibika, kwa herufi kubwa.
Karani aliyempiga mkewe alipandwa na hamaki,
akatozwa shilingi ishirini.
Hasira ilikuwa ya wananchi, na sharti iwe kali.
Miaka saba sikupanga hata mara moja
hasira ya kadiri.

Nayo ilifanya kazi yote peke yake.
Ilikimbiza, ilizingira, iliwasha,
polisi wakifika wanakuta imeshaondoka.
Haikuwa na jina la baba. Haikulipa kodi.
Hakuna askari aliyewahi kuiuliza inalala wapi.

Kisha Alhamisi moja ya soko nikatoka kununua gonja
nikakuta duara la watu, na katikati yake Ekisa,
fundi wa baiskeli, aliyewahi kuziba mpira wangu mara mbili
na kuniambia, utalipa ukipata.
Pampu ya nani, sikusikia vizuri.

Nilitazama kama mtu wa gazeti. Niliitafuta hasira.
Niliona mama akitua kapu la nyanya,
akalisogeza kando ya ukuta, taratibu, zisipondeke,
ndipo akainama kuokota jiwe.
Niliona mwalimu akitazama saa.
Niliona mtu aliyefika mwisho akiuliza, kaiba nini huyu?
na kabla hajajibiwa mkono wake umekwisha kwenda.
Wengine walicheka. Vumbi la simenti lilikuwa juu ya majani
kama siku zote.

Mimi sikurusha.
Mtu aliniomba nimshikie baiskeli,
apate mikono yote miwili.
Nikaishika.

Jioni habari ililetwa, mistari sita.
Masaba akaniambia, la chini kabisa, unalijua.
Nikainama rafuni, nikalitoa lile fungu zito la risasi,
maneno yametazama kinyume kama kiooni,
na humo ndani, kati ya herufi na herufi,
nikajiona nimesimama, mkono kwenye usukani.
Nilikuwa nimeshapangwa. Nilikuwa nimeshafungwa kwa uzi.

Nikaukata uzi.
Nikang'oa i moja, nyembamba kama njiti.
Mahali pake nikatia a. Iligoma kuingia,
a ni pana, ikabidi niibe nafasi pembeni.

Ijumaa mji ukasoma kwamba Ekisa, miaka ishirini na sita,
aliuawa na wananchi wenye hasara kali.

Mama yake, Amoding, alikuja dirishani na senti zake kwenye leso.
Hakujua kusoma. Alinunua nakala mbili.
Jina lake liko wapi? akauliza.
Nikamwonyesha kwa kidole chenye wino.
Na hawa waliomuua, wameandikwa?
Kidole kikateremka mstari mmoja, kikatulia,
nikasema, wameandikwa, mama.

Bwana Oketcho alinikata shilingi mbili.
Wiki iliyofuata, ukurasa wa nne, chini ya bei ya pamba,
kulikuwa na mstari mdogo:
Kosa la chapa. Palipo na hasara, soma hasira.

Nililipanga mwenyewe, herufi kwa herufi.
Masaba akaninyoshea uzi mpya.