Kosa la Kuchapa

Tangazo nililichapa mimi, Jumatatu,
kabla umeme haujakatwa:
Komini inatafuta mwendeshaji wa gati la umma,
nafasi za boti arobaini, banda moja,
ngazi ya saruji, choo kibovu.
Burugumesta akalifuta neno kibovu.
"Andika: kinahitaji marekebisho madogo."

Nikapanga masharti kama sahani kabatini:
hati ya kodi, dhamana ya benki,
uzoefu wa miaka mitano uliothibitishwa kwa muhuri,
nakala 12, bahasha iliyofungwa kwa lakiri,
na dola 50 za faili, zisizorudishwa
hata Ruzizi igeuke irudi ziwani.
(Hilo la Ruzizi sikuliandika.)

Siku ya tatu akaja Nabintu Zihindula,
kitenge kimelowa hadi magotini,
harufu ya sambaza ikimtangulia mlangoni
kama mtoto anayeijua nyumba.
"Mwanangu, mwendeshaji ni nani?"

Nikamwambia: ni yule anayefungua asubuhi,
anayejua boti ipi imeingia na ipi haijarudi,
anayepokea ushuru, anayeopoa chupa
mvua inazozishusha kutoka Kadutu,
anayegombana na walevi wasiguse kamba za watu.

Akatazama dari muda mrefu.
"Basi mnamtafuta wa nini, na mimi nipo?"

Miaka kumi na mmoja funguo za banda
zinalala shingoni mwake.
Usiku ule wa upepo aliifunga boti ya Idjwi
kwa kamba ya mbuzi, akakesha amelikalia fundo.
Anajua mananasi ya nani, jeneza la nani,
nani kavuka na harusi, nani kavuka na deni.
Hakuna aliyemwajiri. Hakuna aliyemfukuza.
Serikali ilimkuta pale kama mtu anavyokuta jiwe,
ikajenga ngazi pembeni yake.

Akafungua mfuko. Madaftari saba ya shule,
jedwali la kuzidisha mgongoni.
Kila boti: siku, saa, mzigo, hasira ya maji.
Bik ilipoisha aliandika kwa mkaa.
"Huu si uzoefu?"
"Ni uzoefu, mama. Hauna muhuri."
Akayarudisha mfukoni moja moja,
la mwaka wa kwanza likiwa chini.

Ijumaa tukafungua bahasha. Zilikuwa mbili.
Moja ya Kinshasa, na picha ya gati la nchi nyingine,
boti nyeupe zisizo na mtu hata mmoja.
Ya pili, mfanyabiashara anauliza
kama ziwa linaweza kuwekewa uzio.
Tume ikanywa Fanta, ikaandika:
hakuna anayestahili. Lirudiwe.

Nikalirudia.
Na kidole changu hiki, ambacho kwa miaka sita
hakijakosea hata nukta, kikachoka.
Dola 50 zikapoteza sifuri.
Nakala 12 zikapoteza moja, ile ya mbele.
Nilipofika "uliothibitishwa kwa"
umeme ulikatika, na hapo naapa ni kweli;
uliporudi nikaanza mstari mpya.
Burugumesta akatia saini huku anaongea na simu.

Sasa liko ukutani kwa gundi ya unga wa muhogo.
Mbuzi wa jirani ameshakula pembe moja,
lakini pembe ile haikuwa na kitu cha maana.
Nabintu alilisoma kwa kidole, akarudia,
akaniangalia kupitia dirishani, hakucheka.

Mwisho wa kupokea bahasha ni leo, saa tisa.
Mvua imeufunika mji kuanzia Panzi,
boti ya mchana haijaonekana,
na yeye hawezi kuondoka gatini
kabla haijafungwa. Angeondoka,
asingekuwa yule tunayemtafuta.

Mjumbe wa tume anachungulia: "Tufunge?"
Namwonyesha saa ya ukutani.
Inasema saa nane na nusu.
Imesema hivyo kwa muda sasa.
Betri, namwambia. Betri za siku hizi.