Kisanduku cha Tano

Profesa alianza na vibao vya udongo,
akaruka hadi mashine ya kuchapa,
kabla ya chakula cha mchana akatua kwenye redio.
Akachora mshale ubaoni:
huku mtambo, kule kichwa cha mtu.
"Habari ni sindano," akasema.
"Hudungwa asubuhi. Jioni taifa zima lina homa."
Tukaandika. Tulikuwa wasichana kumi na wawili,
miguu mitupu tumeichora mshono kwa penseli ya nyusi,
kwa kuwa vita vilikuwa vimemeza soksi zote.

Wakatupakia treni kwenda Harlan Falls,
mji wa mahindi na kiwanda cha betri,
senti sitini kwa saa, fomu mia za kijivu.
Swali la saba: Nini kilikufanya ubadilishe sabuni?
Redio. Gazeti. Sinema. Bango.
Weka alama moja tu.

Ludmila Kovarik, unga hadi viwikoni.
Redio yake haizimwi hata mtoto akilala.
"Ile?" akacheka. "Ile ni ya kunifukuzia ukimya.
Sabuni aliniambia Opal."

Kisanduku cha Opal hakikuwepo.
Nikaweka alama kwenye redio, maana ndiyo niliyoisikia.

Nyumba ya nne, Opal.
Nyumba ya tisa, mwanamke mwenye plasta mguuni:
"Opal wa Barabara ya Reli, mama wa mapacha."
Nyumba ya kumi na sita mzee hakujibu sabuni,
alitaka kujua kama nimeshaonana na Opal.

Siku ya tatu penseli ikavunjika juu ya neno redio.
Nikaenda.

Alikuwa anaanika mashuka, vibanio mdomoni.
Redio yake ilikufa tangu Pasaka,
vipuri vyote vimekwenda vitani na mumewe.
Gazeti huletewa na jirani likiwa la jana,
husoma kwanza orodha ya waliokufa,
kidole kikishuka polepole
mpaka kipite herufi D.
Akishapita hiyo, husoma mengine yote, hata bei ya nguruwe.

"Basi kwa nini wakusikilize wewe?"
Akatoa vibanio.
"Gazeti linasema na mji.
Mimi nasema na Ludmila. Najua ngozi yake huwasha."

Hapo mvulana wa telegramu akaingia mtaani kwa baiskeli.
Mapazia yakasogea, nyumba hadi nyumba.
Mtu akazima redio, kisha mwingine,
nikasikia mnyororo wa baiskeli tu.
Ujumbe wa mtu mmoja, wasikilizaji mtaa mzima.
Likilia la mgambo kuna jambo,
lakini hili halikulia, lilipita
likihesabu malango.
Halikusimama kwetu.
Opal akarudisha kibanio mdomoni, akakiuma sana.

Baadaye, kwa sauti ya kawaida kabisa:
"Unajua, kabla hamjaja
hakuna aliyewaza kwamba sabuni ni swali.
Tangu Jumatatu hatuzungumzi kingine.
Shule imekosa mwalimu tangu Februari.
Hiyo mna kisanduku chake?"

Sikuwa nacho.

Usiku, hotelini, nikachukua rula ya kukopa
nikachora kisanduku cha tano kwenye kila fomu,
vingine vimepinda, kimoja kimeingia swali la nane.
Pembeni nikaandika: mtu.
Bwana Tillinghast, msimamizi wetu, alisema nimeharibu karatasi za chuo.
Akazifunga kamba, hata hivyo akazituma.

Sijui profesa aliufuta mshale ule
au aliupinda tu kidogo, upitie uani pa mtu.

Asubuhi, kabla ya treni, niliinunua sabuni yenyewe.
Inanuka kama kabati la bibi.
Naitumia mpaka leo.