Kugeuza

Keki ya harusi imefungwa mkanda kiti cha nyuma,
matabaka matatu, abiria mwenye heshima zake.
Mbele amekaa Don Belarmino, baba wa bibi harusi,
ananukia maji ya kunyolea, na haraka.

Eduvigis Barría analitazama pengo la mlima.
Asubuhi lilikuwa mlango. Sasa ni ufa.
Wingu limeyakalia maji kama kifuniko cha sufuria,
mvua inaandika kiooni, inafuta, inaandika tena.

«Dakika kumi tu. Kisiwa ni pale.»
Pale
ndiko alikoishia Nolberto;
koti lake lingali limetundikwa karakana,
hakuna athubutuye kulitungua.

Mkono wake unajua kabla yake.
Bawa linalala, dunia inainama,
keki inagonga ubavu wa boksi.
Njia nzima ya kurudi, Don Belarmino hasemi neno.

Saa tisa anga linafunguka,
buluu, bila haya, kama mdeni anayekusalimu sokoni.
Uwanja mzima unatazama juu,
kisha unamtazama yeye.

Hajitetei. Kwa ushahidi gani?
Ajali isiyotokea haina mabaki.
Anaziba kwa kidole ufa wa krimu,
anakilamba,
anaongeza mafuta.

«Haya. Sasa twende.»