Utenzi wa Farasi wa Deraya

Ni vita nilivyopiga
pasina damu kumwaga,
chai niloikoroga
ikapoa kikombeni.

Kila wiki bila haya
hufika kwa dada Raya,
nyuma ya duka la waya,
huku Ibra mtaani.

Yuko mwanawe Hilali,
kumi na saba, mkali,
ana mashine ya ghali,
inanguruma chumbani.

Kwenye kioo ni vita:
kuna ngome, kuna kuta,
dhahabu ya kutafuta
na majeshi uwanjani.

Mimi ni mtu wa chuma:
farasi kwato zavuma,
deraya mbele na nyuma,
na mikuki mikononi.

Mmoja tu hukausha
hazina; ukimlisha
na farasi, umekwisha,
huna chembe mfukoni.

Hilali wake wepesi,
vijana wa vifarasi,
ngozi tu ndiyo libasi,
na pinde zao begani.

Nikienda, wanarudi
nyuma; nami nikirudi
wanakuja kwa kusudi
kunifuma kisogoni.

Wakikimbia hulenga,
wamepinda kama panga,
vumbi lao kama unga
likinijaa kinywani.

Wangu chuma chawachosha,
jua juu lawawasha,
vyungu vinavyochemsha
na mwenyewe yumo ndani.

Wiki tatu nimeshindwa,
kwa mishale nimepondwa,
kila mara nikawindwa
kama paa wa jangwani.

"Mjomba," hucheka, "pole,
wewe wajua tu mbele
kama lori la mchele
lisilo na usukani."

Hata mezani ni hivyo:
humuuliza vilivyo
mitihani iendavyo,
naye huyo, yu mbioni.

Hunitupia kicheko
kama mshale, na huko
atokomea; ni mwiko
kumpata kwa yakini.

Ikaja siku ya Idi;
mbuzi dume, mkaidi,
kamba kaikata, hadi
akaruka barazani.

Tukamkimbiza sita,
kanzu tumezikamata,
mwenzetu akajikuta
yu majini falajini.

Raya kasimama kule,
bila fimbo na kelele,
kashika tende teule,
kafunga njia langoni.

Mbuzi mbio zikaisha,
ukuta ukamtisha,
Raya akamvalisha
kamba yake ya shingoni.

"Mwenye mbio usimfate,
ziba njia zake zote,"
Raya kasema, na sote
tukainamia chini.

Usiku huo nikaja
na shauri hilo moja:
chuma changu kikangoja,
kimejificha bondeni.

Mbele nikatia ngao,
watu wa miguu yao,
wenye pinde, na ambao
hulipwa nusu thumuni.

Hilali akaja mbio,
mishale kama kilio,
ngao zikawa kituo,
ikanasa ubaoni.

Podo zikabaki tupu;
kageuka chapuchapu,
kumbe mto kama kapu
wamtia kifungoni.

Hapo ndipo nikasema
"Sasa!" Kikashuka chuma,
kilima kikatetema
na kijiko kikombeni.

Mara moja tu, kwa kasi,
mto nyuma, na farasi
mbele; jeshi la wepesi
likaisha mchangani.

Nikangoja lile neno
la lori, au la meno;
Hilali, wake mkono
umetulia pajani.

Ulimi wangu, farasi,
ukaanza wasiwasi:
maswali mia, upesi,
yamejipanga foleni.

Nikayashika hatamu.
Huyu si mbuzi, ni damu;
lango liwe wazi, hamu
yangu ibaki moyoni.

Tukasikiza mashine
yahema. Dakika nane
zikapita, tusinene.
Raya yuko mswalani.

"Mjomba..." Sauti haba.
"Nimefeli. Hata baba
hajui. Miezi saba
barua i kabatini."

Sikunyanyua mkuki;
sikuhoji, sihamaki;
jeshi langu la mikiki
likashuka farasini.