Mchoro wa Mapafu, Kilembe

Usiku wa kuamkia mtihani nilichora mapafu
kwa penseli fupi, karibu na koroboi.
Nikaanzia puani: vinyweleo, kamasi,
hewa ya baridi ishukayo Rwenzori
ikipashwa moto kidogo, ikiambiwa ipanguse miguu
kama mgeni kabla hajakaribishwa ndani.

Kisha koo. Kisha kidakatonge, bawabu asiyelala,
hulaza kifuniko chake tonge lipite,
hukiinua, pumzi ipite.
Kisha bomba lililoshikwa na pete za gegedu,
nalo likagawanyika, kulia, kushoto,
na kila tawi likazaa tawi
mpaka penseli ikaishiwa ncha.

Baba aliinama juu ya daftari.
"Hii naijua," akasema. "Hii ni ngazi ya nne."
Kwa kidole kisicho na ukucha akafuata mistari:
"Hapa lifti inashuka. Hapa unainama.
Hapa unatambaa kwa tumbo, taa kichwani.
Na huku mwisho, kwenye mwamba wenyewe,
ndiko kazi inakofanyika."

Nikamweleza: huko mwisho ni vifuko vya hewa,
vyembamba kuliko ganda la kitunguu,
na damu hupita ng'ambo yake, imechoka,
hupokea oksijeni, hukabidhi kaboni dayoksaidi,
bila risiti.

"Zamu," akasema. "Wanapokezana zamu."
Akacheka. Kicheko kikamkwama njiani,
kikageuka kile kikohozi chake cha kokoto.

Tukangoja, mimi na Mama,
naye Mama kashika kikombe asichokinywa,
mpaka kiwambo chini ya mbavu zake
kikawambika tena, kama ngoma iliyoloa
na kukaushwa motoni kwa haraka.

Pumua, pumu, pumzi, pumzika.
Mwalimu Bwambale hakutuambia
kwamba maneno haya hulala kitanda kimoja,
na kwamba mmoja wao huvuta blanketi lote.

Kesho yake nilitaja sehemu zote tisa.
Kisha nikachora mshale wa kumi, chini kabisa,
nikaandika: vumbi, miaka kumi na saba.

Mwalimu akauzungushia wino mwekundu.
"Haimo kitabuni, Masika." Tisa kwa kumi.

Baba aliiomba ile karatasi.
Hakusema kitu kuhusu alama.
Akaibandika ukutani kwa ugali uliobaki,
kando ya kofia yake ya mgodini,
upande wa dirisha, penye hewa.